Kununua nyimbo za kidijitali au kulipia strimu kila mwezi, kipi kinakufaa?

Watu wanaojua napenda muziki wananiuliza sana hili swali, kwamba hivi kuna haja gani ya kununua nyimbo sa hivi wakati apu moja tu inakupa mamilioni ya nyimbo kwa ada ya mwezi? Huwa najibu inategemea unasikilizaje, halafu naona kabisa mtu hajaridhika. Kwa hiyo leo naandika yote kwa pamoja, kununua upande huu na kustrimu upande ule, manake nimekaa pande zote mbili miaka mingi na hela yangu imeenda kote.

Tuelewane kwanza. Nikisema kununua namaanisha unalipa mara moja, unapakua faili la wimbo au albamu nzima, linakaa kwenye simu au kompyuta au flashi yako na unalipiga kwa programu yoyote unayotaka. Nikisema kustrimu namaanisha ile ya Spotify, Apple Music, YouTube Music, Deezer na wenzao, unalipa kila mwezi unasikiliza chochote kilichomo, siku ukiacha kulipa na nyimbo ulizozipakua humo ndani zinafungwa. Ipo na ya tatu, ya bure yenye matangazo, hiyo siikalii sana. Kama muziki kwako ni wa kuchangamsha tu wakati unafua au unapiga pasi, baki nayo hiyo hiyo, huna sababu ya kutoa hela.

Hela kwanza

Sitaji bei manake kila nchi ina zake, ila hesabu yenyewe ni nyepesi na unaweza kuifanya sasa hivi ulipokaa. Chukua ada ya mwezi ya apu yako, igawe kwa bei ya wimbo mmoja kwenye duka la nyimbo unalolijua, tuseme imekuja 8. Basi kila mwezi unaolipia strimu ungeweza kununua nyimbo 8, kwa mwaka 96, kwa miaka 5 ni 480, na hizo 480 zinabaki kwako hata ukiacha kulipa kesho asubuhi. Sasa jiulize, ndani ya miaka 5 iliyopita ni nyimbo ngapi umezisikiliza mpaka unajua mstari unaofuata kabla haujaimbwa?

Mimi nilikaa jioni moja nikapitia historia yangu yote natafuta nyimbo nilizozirudia zaidi ya mara 20, hazikufika 300. Nilikuwa najiona msikilizaji wa kila kitu kumbe ni mtu wa nyimbo zile zile, na kwa mtu wa hivyo kununua kunakuja kuwa nafuu kuliko kustrimu, ila unafuu wenyewe hauonekani mwezi wa kwanza wala wa tatu, unauona baada ya miaka miwili mitatu ukishatulia na mkusanyiko wako.

Mdogo wangu ni kinyume kabisa. Yeye Ijumaa ndo siku yake, manake tangu Julai 2015 albamu mpya nyingi duniani zinatoka siku hiyo, basi atasikiliza albamu tatu nne mwisho wa wiki, wiki inayofuata ameshazisahau yuko na nyingine. Huyo ukimshauri anunue unamfilisi. Kwake ada ya mwezi ni bei ya chini mno kwa anachokipata na mimi siwezi kumwambia vingine. Na kama mko nyumba nzima mnaopenda muziki, angalia mpango wa familia, Spotify na Apple Music wote wanaruhusu mpaka watu 6 kwenye malipo mamoja, mkigawana ile ada kununua hakuigusi hata kidogo.

Kitu ambacho watu hawakiweki kwenye hesabu ni kwamba ada inapanda. Spotify walipandisha 2023 kwenye nchi nyingi kwa mpigo, na ukishajenga pleilisti zako mule miaka saba utalipa tu hiyo mpya, utafanyaje. Wimbo niliolipia 2012 mpaka leo hakuna aliyenirudia kudai nyongeza.

Halafu kuna bando. Faili la MP3 la kbps 320 (kbps ni kipimo cha wingi wa data kwa sekunde, ikiwa kubwa na sauti inakuwa bora) linakula kama MB 2.4 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika 4 ni kama MB 10, unapakua mara moja basi imeisha. Kustrimu kwa ubora wa kati wa kbps 160 ni kama MB 1.2 kwa dakika, karibu MB 5 kwa wimbo huo huo, inaonekana ndogo eti, sasa usikilize mara 50 uone. Ni MB 240 kwa wimbo mmoja! Haki yao nawapa, ukiwa unalipia apu inakuruhusu kupakua usikilize bila mtandao, na hata usipopakua mara nyingi inatunza kidogo ulichosikiliza karibuni, kwa hiyo mambo sio mabaya hivyo kwa anayejua kupangilia. Ila kwa Spotify lazima uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, usipoingia vile ulivyopakua vinagoma kucheza. Kwa mtu anayekaa sehemu isiyo na mtandao wa kueleweka miezi kadhaa hilo sio dogo.

Ukinunua, ni chako kweli?

Hapa ndo penye mambo na ndo ambapo watu wengi wanachanganya, hata wale wanaotetea kununua.

Duka la nyimbo la Apple, iTunes, lilifunguliwa Aprili 28, 2003, na nyimbo zake mwanzoni zilikuwa na kufuli la kidijitali, yaani faili unalo mkononi lakini linacheza tu kwenye vifaa ulivyoviidhinisha kwa akaunti yako. Maduka mengine nayo yalikuwa na makufuli yao, na ya huyu hayafunguki kwa yule. Watu wakanunua hivyo hivyo. Ikafika 2008, Microsoft wakatangaza wanazima seva za leseni za duka lao la nyimbo MSN Music, zile ambazo ndo zinaruhusu wimbo uliokwisha kuulipia ufunguke kwenye kompyuta mpya, wateja wakapiga kelele mpaka zoezi likasogezwa mbele. Yahoo nao mwaka huo huo wakafunga duka lao lenye kufuli kama hilo, ikabidi wawafidie watu. Yaani mtu alilipa, akapewa risiti, kisha wimbo wake ukawa unategemea kompyuta fulani ya kampuni iendelee kuwashwa.

Kilichobadilisha mambo ni kwamba Amazon walianza kuuza MP3 zisizo na kufuli 2007, na Januari 2009 Apple wakatangaza kuondoa kufuli kwenye nyimbo zao zote. Ndo maana leo muziki umekaa vizuri kuliko filamu na vitabu vya kidijitali, wimbo unaonunua iTunes, Amazon, Bandcamp au Qobuz unakuja faili la wazi, unalinakili, unalihamisha, kampuni ikifa leo faili lako halijui hata kama imekufa. (Angalia kwanza duka lipi linauza nchini kwako, sio yote yanauza kila mahali.)

Ila hilo ni kweli kwa faili ulilolipakua tu. Hili nalisema kwa uchungu manake lilinikuta. Kuna albamu nilinunua duka fulani, nikapakua nyimbo nilizokuwa nazitaka siku ile, nyingine nikaziacha kwenye akaunti nikasema ziko salama huko zitanisubiri. Miaka ikapita, siku nimezitaka nakuta mbili hazipo tena, haki za kuziuza zilikuwa zimehama na duka halina cha kunipa, na masharti yao yalikuwa yanasema hivyo tangu mwanzo mimi sikusoma. Tangu hapo nikinunua napakua palepale, albamu nzima, kabla hata sijafunga ukurasa.

Jimbo la California huko Marekani limeliona hili, kuna sheria imeanza kazi Januari 1, 2025 inayomkataza muuzaji wa vitu vya kidijitali kutumia neno nunua kama anachokupa ni leseni tu, labda akuambie wazi wazi kwamba ni leseni. Vile ambavyo unavipakua ukabaki navyo moja kwa moja sheria imeviacha nje. Huo mstari ndo nautumia hata mimi, ukiweza kulitoa faili kwenye mikono ya muuzaji umenunua, usipoweza umekodi kwa bei ya kununua.

Na hata hilo faili la wazi lina mpaka wake, huwezi kuliuza mtumba. CD ukiichoka unampa mtu hela yake inarudi nusu, faili hapana. Kampuni ya ReDigi ilijaribu kufungua soko la nyimbo za kidijitali za mtumba, kampuni ya kurekodi ya Capitol Records wakawashtaki, mahakama ya Marekani ikawapa ushindi Capitol 2013 na rufaa ikasimamia hivyo hivyo Desemba 2018, hoja ikiwa kwamba kulihamisha faili ni kutengeneza nakala mpya. Vilevile kununua wimbo hakukupi ruhusa ya kuupiga ukumbini kwa watu wanaolipa kiingilio wala kuuweka chini ya video yako ya biashara, hizo ni ruhusa nyingine kabisa, na apu za strimu nazo ni za matumizi yako binafsi tu.

Upande wa strimu hakuna hata cha kubishania, hapo humiliki chochote na hawakukuficha. Shida yake inakuja kivingine, kwamba nyimbo zinaondoka. Taylor Swift aliondoa nyimbo zake Spotify Novemba 2014 zikarudi Juni 2017. Neil Young akaondoa zake Januari 2022, Joni Mitchell akamfuata, wakarudi 2024. Hao ni wakubwa wanaotangazwa, sasa fikiria yule msanii mdogo ambaye mkataba wake na msambazaji umeisha na hakuna hata gazeti litakaloandika, wewe unaona tu siku moja kwenye pleilisti yako wimbo umepauka kijivu, ukiubonyeza kimya. Mimi nina pleilisti ya mwaka mmoja mgumu sana kwenye maisha yangu, nyimbo 34, saba zimepauka, na mbili kati ya hizo sijui nitazipata wapi tena manake hata dukani hazipo. Ningezinunua wakati zipo ningekuwa nazo. Hilo linaniuma kuliko hela yoyote niliyopoteza kwenye muziki.

Zingine haziondoki ila zinabadilika. Kanye West aliendelea kuzifanyia marekebisho nyimbo za albamu yake ya 2016 baada ya kuitoa, na Beyoncé 2022 alibadilisha maneno ya wimbo mmoja siku chache baada ya albamu kutoka. Aliyekuwa na faili la siku ya kwanza analo mpaka leo, anayestrimu anasikia lililopo.

Kwenye usalama sasa strimu inashinda kwa haki. Simu ikipotea unaingia kwa akaunti yako kwenye simu nyingine kila kitu kipo, hukupoteza hata wimbo mmoja. Faili ulilonunua mlinzi wake ni wewe. Nilishawahi kupoteza hadi diski yenye miaka sita ya manunuzi, imeanguka mezani tu, na nusu ya nyimbo zile sikuzipata tena. Kwa hiyo kama wewe ni mtu usiyependa habari za bakapu, yaani ukisikia nakala mbili unachoka, usinunue. Nasema kwa nia njema kabisa, utalipa hela halafu siku moja utakosa vyote.

Ubora wa sauti

Zamani hii ilikuwa hoja kubwa ya wanunuaji, siku hizi imepungua nguvu. Apple Music walileta sauti isiyopunguzwa 2021 bila kuongeza ada, Spotify wakaifuata 2025. Dukani nako unapata FLAC, ambayo inabana faili bila kutupa kitu, sawa na CD ya biti 16 na kilohezi 44.1, na Qobuz wanauza mpaka za biti 24. Ukiwa unasikilizia Bluetooth usijisumbue, manake kwa kawaida Bluetooth nayo inaibana sauti tena njiani, na kati ya MP3 ya 320 na FLAC watu wengi hawaoni tofauti, mimi mwenyewe nimejipima mara kadhaa macho yamefungwa nikawa nabahatisha. FLAC naichukua kwa sababu nyingine, ukiwa nayo hiyo unaweza kutengeneza MP3 au aina yoyote itakayokuja mbele bila ubora kushuka kila unapobadilisha. MP3 ukiigeuza geuza inachoka.

Msanii anapata nini

Hii kwangu ina uzito. Chama cha kampuni za kurekodi cha Marekani, RIAA, walipoanza kuhesabu strimu kwenye tuzo zao za albamu mwaka 2016 waliweka kipimo hiki, strimu 1,500 ni sawa na albamu moja iliyouzwa, strimu 150 ni sawa na wimbo mmoja ulionunuliwa. Hicho ni kipimo cha tuzo sio cha hela, lakini kinakupa picha ya ukubwa, kwamba albamu yenye nyimbo 10 uisikilize mwanzo mpaka mwisho mara 150 ndo uwe umelingana na aliyeinunua mara moja. Na malipo ya strimu kwenye apu nyingi hayaendi moja kwa moja kwa uliyemsikiliza, hela zinawekwa kapu moja na kugawanywa kwa kila mtu kulingana na sehemu yake ya strimu zote, kwa hiyo hata kama mwezi mzima umesikiliza msanii mmoja tu mdogo, sehemu kubwa ya ada yako imeenda kwa wanaosikilizwa zaidi. Tangu 2024 Spotify wimbo usiofikisha strimu 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi mirabaha ya rekodi kabisa.

Weka pembeni yake Bandcamp, wao kwenye mauzo ya kidijitali wanachukua asilimia 15, inashuka mpaka 10 msanii akishauza vya kutosha, kinachobaki kinaenda kwa msanii au lebo yake baada ya makato ya malipo. Na tangu Machi 2020 wana Ijumaa fulani fulani ambazo wanaacha kabisa fungu lao. Hapo ukinunua unajua umefanya kitu. Kwa nyota mkubwa mwenye mabilioni ya strimu ununuzi wako haumtikisi, na kama yuko chini ya lebo kubwa anachopata kinategemea mkataba aliosaini, kwa hiyo usijidanganye kwamba kila ukinunua umemlisha msanii. Lakini yule anayejirekodi mwenyewe chumbani, mwenye mashabiki 200 duniani kote, wakinunua 50 tu albamu yake anaweza kulipia studio ya albamu inayofuata. Nimeona wasanii niliowapenda wakiacha muziki na kurudi kwenye ajira kwa kukosa hao 50 na naumia kila nikikumbuka.

Kugundua vitu vipya

Strimu, hakuna ubishi. Folda yako haikupendekezei kitu. Nusu ya wasanii ninaowanunua leo nimewapata kupitia strimu, wimbo umeisha ukafuata usioujua nikasimamisha nilichokuwa nafanya. Ukisema uishi kwa kununua tu bila sehemu ya kuonja utabaki na muziki wa miaka ile ile.

Sasa uchague nini

Kama unabadilisha muziki kila wiki, au mko familia, au hutaki kusikia habari za diski na nakala, lipia strimu na uwe na amani. Kama una nyimbo zako zile zile, au mtandao wako ni wa kubahatisha, au unapiga muziki kwenye sherehe na huwezi kukubali wimbo ukatike katikati watu wamesimama, nunua. Kwa wazee pia nanunua, baba yangu nimemjazia memori kadi anachomeka kwenye redio yake ndogo, hana akaunti, hana paswedi, hakuna cha kusasisha, anabonyeza inaimba.

Sio lazima uchague kimoja, mimi sijachagua. YouTube Music wanakuruhusu kupandisha mafaili yako mwenyewe mpaka 100,000, kwa hiyo nilivyonunua na ninavyostrimu naviona sehemu moja. Strimu nailipia miezi michache kwa mwaka, hasa nikiwa na muda wa kutafuta, kisha naisimamisha.

Ukitaka kujua upo upande gani fanya nilichofanya mimi. Simamisha malipo mwezi mmoja, weka karatasi na kalamu karibu, kila wimbo unaoukumbuka ukautaka ukakosa uandike. Zile usizozikumbuka ziache hukohuko kwenye strimu. Karatasi yangu ilitoka na nyimbo 41, nikazinunua kidogo kidogo ndani ya miezi minne, sasa ziko kwenye diski mbili, moja ninayo hapa na nyingine iko kwa dada yangu.